Makaa Mkononi: Kuchora Mashamba ya Migori na Fuo za Homa Bay

Kijana mmoja kutoka upande wa Awendo aliniletea daftari lake la michoro nilitazame. Kurasa zaidi ya 20, na ndani yake twiga, tembo, mgunga wenye kichwa bapa, na jua jekundu likizama nyuma ya mgunga ule ule. Mkono wake ni mzuri, mistari yake haitetemeki. Nikamuuliza nyumbani kwao kuna nini. Akasema kuna miwa, kuna maksai wanne wa kulimia, na kuna mama yake ambaye asubuhi ile alikuwa amemwacha akipalilia mahindi.

"Mbona hao hawamo?"

"Hizo si picha, mwalimu. Hayo ni mambo ya nyumbani tu."

Nayaandika makala haya kwa ajili yake, na kwa vijana wote wa Migori na Homa Bay wenye mkono wa kuchora ambao wameaminishwa kwamba kilicho nyumbani hakifai karatasi. Nitawafundisha kwa kupitia wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19, maana watu wale waliugua ugonjwa huu huu, wakapona, na dawa waliyoitumia imo jikoni kwa mama yako.

Huko Paris, mchoraji chipukizi aliyetaka kuheshimiwa kwa kuchora mandhari alitakiwa achore magofu ya Italia na miungu ya Wagiriki wakipunga upepo chini ya miti. Kuanzia 1817 palikuwa na tuzo rasmi ya mandhari ya namna hiyo, iliyotolewa kila baada ya miaka minne, na mshindi alipelekwa Roma. Shamba la viazi, zizi la kondoo, mwanamke aliyebeba kuni: hayo yalikuwa mambo ya nyumbani tu. Tuzo ile ilifutwa 1863. Kufikia wakati huo wachoraji kadhaa walikuwa wamekwisha kuipa kisogo, wakahamia Barbizon, kijiji kilicho pembeni mwa msitu wa Fontainebleau, kilomita zipatazo 60 kutoka Paris. Humo walichora mialoni, madimbwi, wachungaji na watu wa jembe.

Ninayetaka umjue kuliko wote ni Jean-François Millet. Alizaliwa 1814 katika kitongoji cha Gruchy, Normandy, karibu na bahari, mtoto wa wakulima. Kabla ya kushika chaki alishika jembe na mundu, akalima kando ya baba yake. Alihamia Barbizon 1849, mwaka ambao Paris ilikuwa na kipindupindu, na akakaa huko hadi kufa kwake 1875. Watu wengi wanazijua picha zake za rangi, kama ile ya wanawake watatu wanaookota masuke yaliyobaki baada ya mavuno, ya 1857. Mimi nasema ukitaka kujifunza, iache rangi kwanza. Tafuta michoro yake ya kalamu nyeusi, ile midogo isiyozidi upana wa daftari la shule. Humo utaona alivyofikiri.

Na jambo utakaloliona kwanza ni kwamba nyuso hazipo. Kofia imezifunika, au kivuli kimezimeza. Kilichopo ni mgongo. Millet alijua, kwa kuwa mgongo wake mwenyewe ulikuwa umewahi kuuma, kwamba mtu wa shamba husomeka kwa namna alivyoinama. Kwa hiyo somo la kwanza ninalotoa haligusi mlima wala mti. Mchore anayelima.

Nenda shambani wakati wa palizi. Kaa hatua 20 au 30 mbali naye, usichore kitu kwa dakika tano. Tazama. Mwanamke wa kwetu anapopalilia hainami kama mtu anayeokota sarafu. Hukunjika kwenye nyonga, miguu imenyooka, mgongo umelala karibu sambamba na ardhi, na mkono mmoja mara nyingine hupumzika juu ya goti. Ukishauona mkunjo huo, vuta mstari mmoja tu, kutoka kisigino hadi kiunoni, kutoka kiunoni hadi kichwani. Usimalize kichwa. Usiguse vidole. Mstari huo uchukue pumzi moja. Chora mwingine pembeni yake, na mwingine, kila jembe linapopanda na kushuka. Karatasi ikijaa migongo 15, utagundua minne au mitano ina uzito na iliyobaki ni mistari mitupu. Jiulize tofauti iko wapi. Mara nyingi iko miguuni: michoro yenye uzito ina nyayo zilizoshika udongo, na kivuli chini yake kinachomfunga mtu na ardhi. Bila kivuli hicho mtu wako ataelea.

Kisha amua upeo wa macho utauweka wapi. Katika picha ya waokota masuke, Millet aliupandisha upeo juu, hata wanawake wale wakabaki karibu wote ndani ya ardhi, kama sehemu ya shamba lenyewe. Alipotaka mtu awe mkubwa alifanya kinyume. Mwaka 1863 alionyesha Paris picha ya mwanamume aliyechoka, ameegemea mpini wa jembe kwa mikono miwili, na mwili wake umepanda juu ya upeo hadi mbinguni. Wahakiki walimtukana, wakasema ni kiumbe wa kutisha. Mimi nikiitazama namwona kila mtu niliyewahi kumkuta Uriri au Rongo, saa tano asubuhi, katikati ya mstari ambao bado haujaisha. Jaribu yote mawili kwa mtu mmoja: upeo juu ya kichwa chake, halafu upeo kiunoni mwake. Utaona kwamba hujabadilisha kitu ila maana yote imebadilika.

Sasa vifaa, na hapa nitakawia kidogo, kwa sababu vijana wengi huniambia wameacha kuchora kwa kukosa vifaa.

Penseli tunayoijua ni kazi ya Mfaransa Nicolas-Jacques Conté. Mwaka 1795, Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza na grafiti nzuri ya Kiingereza haipatikani, alichanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, akauchoma. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na nyepesi kwa rangi. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ile HB ya dukani, iliyotengenezwa kwa kuandikia, inakuchosha: haifiki weusi unaoutaka. Ukienda Kisumu au Nairobi, au ukiwa na mtu wa kumtuma, mwagize 4B na 6B, moja moja. Zitakutosha muda mrefu.

Lakini wachoraji wengi wa mandhari wa wakati ule hawakuishia kwenye penseli. Walipenda makaa, na kwa Kifaransa makaa ya kuchorea huitwa fusain, jina la kichaka ambacho vijiti vyake vilichomwa kuyatengeneza. Léon Lhermitte, aliyezaliwa 1844, alijijengea jina kwa makaa: masoko, wavunaji, wanawake wakifua mtoni. Mchoraji Vincent van Gogh alimheshimu sana.

Makaa ya jikoni hayafai yakiwa yalivyo, kwa maana ni magumu na yana vipande vinavyokwaruza karatasi. Tengeneza yako. Okota vijiti vyembamba vilivyopogolewa, unene wa penseli au chini yake, vilivyonyooka, visivyo na fundo. Usikate mti kwa ajili hii. Mpera, mwarobaini na lantana zinazoziba njia zote zinafaa kujaribiwa, na utaona kila mti una weusi wake. Bandua maganda, acha vijiti vikauke siku kadhaa. Vipange vikiwa vimebanana ndani ya mkebe mtupu wa bati, funga mfuniko, utoboe tundu moja dogo kwa msumari, kisha uuweke motoni mama akimaliza kupika. Moshi utatoka kwenye tundu. Moshi ukikoma kabisa, toa mkebe, uache upoe. Hapa ndipo wengi huharibu: wanafungua mkebe ukiwa bado wa moto, hewa inaingia, vijiti vinashika moto na kugeuka majivu. Uache hadi asubuhi. Kijiti kizuri hutoa sauti kali kama ya kioo kikigongwa. Chenye rangi ya kahawia ndani hakijaiva, kirudishe.

Karatasi nyeupe inayong'aa ni adui wa makaa, yanateleza juu yake. Nunua karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, na utumie upande wake usiong'aa. Faida yake si bei peke yake. Wachoraji wale walipenda karatasi yenye rangi ya kati, ya kijivu au hudhurungi, kwa sababu nusu ya kazi huwa imekwisha kufanyika: makaa yanakupa giza, chaki nyeupe ya ubaoni inakupa mwanga, na karatasi yenyewe ni kila kilicho katikati. Jaribu omena zilizoanikwa juu ya nyavu kwa njia hii. Mng'ao wa samaki ni miguso michache ya chaki, na ukizidisha hata kidogo utakuwa umechora chokaa.

Kwa kufutia, walitumia kiini cha mkate. Fanya hivyo hivyo. Kinyambue, kifinyange kiwe kidonge laini, ukibonyeze juu ya makaa na kukiinua bila kusugua. Kwa njia hiyo unaweza kuutoa mwanga ndani ya giza, moshi unaopanda juu ya paa la nyasi, au njia inayopita kati ya miwa.

Nimetaja miwa, na najua inavyosumbua. Mtu akikaa mbele ya shamba la miwa la Awendo huona ukuta wa majani, akaanza kuchora jani moja moja, na baada ya saa nzima ana karatasi yenye manyoya. Dawa yake ni ya Camille Corot, aliyezaliwa 1796 na kuwafundisha wengi. Corot alisisitiza kwamba kabla ya umbo lolote mchoraji atafute giza na mwanga vilivyogawana mbele yake. Katika vijitabu vyake vidogo alikuwa na alama zake: duara lilimaanisha mahali penye mwanga, mraba mahali penye giza. Anachora haraka kijisanduku chenye ukubwa wa kiberiti, anaweka duara hapa, mraba pale, na tayari anajua picha yake itasimama au itaanguka.

Kabla ya mchoro wowote mkubwa, chora visanduku vitatu vya namna hiyo. Fumba macho nusu, kope zikaribie kukutana, hadi majani yapotee. Uliza: mahali peusi kuliko pote ni wapi? Peupe kuliko pote? Shamba la miwa sasa limekuwa bamba moja la giza lenye ukingo wa juu uliochakaa, na mbele yake barabara ya murramu ni bamba la mwanga. Chora hayo mabamba mawili. Majani utayaweka mwishoni, machache, kwenye ukingo tu ambapo giza linakutana na anga. Jicho la mtazamaji litakamilisha yaliyobaki.

Hapa pana jambo ambalo Wafaransa hawawezi kukufundisha. Barbizon iko mbali kaskazini, na huko jua huenda limeinama sehemu kubwa ya mwaka, vivuli virefu hata mchana. Sisi tuko takriban digrii moja kusini ya ikweta. Saa sita mchana kivuli cha mtu kimejificha chini ya nyayo zake, vilima vinakuwa bapa kama karatasi iliyokatwa, na mnamo Machi na Septemba jua linapita karibu kabisa juu ya utosi. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi nikichora saa saba mchana, nikidhani mkono wangu ndio mbaya, kwa kuwa kila nilichokichora hakikuwa na mwili. Saa ndizo zilikuwa mbaya. Chora kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, halafu pumzika au usaidie kazi za nyumbani, urudi saa kumi jioni. Got Asego, kile kilima cha Homa Bay mjini chenye umbo la pia iliyopinduliwa, ni mfano mzuri: asubuhi upande mmoja una mwanga na mwingine una giza, jioni vinabadilishana, na mchana hakuna kilima, kuna pembetatu.

Msimu wa mvua una zawadi yake. Mawingu ya alasiri yanayojijenga juu ya ziwa yana giza zito kuliko ardhi, na hapo sheria inapinduka: mabati ya nyumba na barabara yenye maji vinakuwa ndivyo vyenye mwanga. Ukiwahi kuiona Milima ya Gwassi dakika chache kabla ya mvua, unajua ninachosema. Fanya haraka, kisha kimbia. Makaa na maji havipatani.

Kuhusu umbali sitasema mengi. Vya karibu ni vyeusi na vina ncha kali, vya mbali vinafifia na kupoteza ncha. Ukivisugua vya mbali kwa kitambaa kikavu na kuacha vya karibu bila kuguswa, kazi imekwisha.

Twende ziwani. Mwaka 1857 mchoraji Charles-François Daubigny alijitengenezea mashua yenye kibanda, akaiita Botin, akawa anaelea mito ya Oise na Seine akichora kingo kutoka majini. Alilala humo, alipika humo. Mashua hiyo ilibadilisha macho yake: mchoraji akiwa chini, usawa wa maji, ukingo wa mto huwa utepe mwembamba na anga huchukua nafasi yote. Huna haja ya kibanda. Pale Mbita, Karungu, Muhuru au Kendu Bay mitumbwi imevutwa mchangani mchana kutwa. Mwombe mwenyewe ukae ndani ya mmoja uliokwisha kuegeshwa, utazame ufuo kutoka humo. Usichore ndani ya mtumbwi unaokwenda, utaharibu mchoro na kuwasumbua watu walio kazini.

Wavuvi wa omena hutegemea giza, kwa maana taa zao ndizo zinazowavuta samaki. Mwezi unapokuwa mpevu wengi hupumzika. Kwa hiyo ukitaka kuchora wanawake wakianika omena asubuhi, nenda siku za mwezi mwandamo, ufike mapema. Na maji yana kanuni moja ambayo itakuokoa: taswira ya kitu majini hailingani na kitu chenyewe. Chenye mwanga huonekana cheusi kidogo majini, na cheusi huonekana chepesi kidogo. Tanga jeupe likiwa na picha nyeupe vile vile chini yake, maji yako yatakuwa kioo cha sebuleni.

Huko huko ziwani kuna matete. Van Gogh alipohamia Arles, kusini mwa Ufaransa, 1888, alikata matete ya huko akayachonga kuwa kalamu, na michoro yake ya mashamba na bustani ya mwaka ule imejaa nukta, vistari na mikato ambayo kalamu ya chuma isingeitoa. Kata tete lililokauka, lichonge mshazari kwa kisu kikali, lipasue kidogo kwenye ncha ili lishike wino. Wino wenyewe unaweza kuutengeneza kwa masizi ya sufuria yaliyosagwa na maji yenye gundi ya mgunga, kama walivyofanya watu wa kale. Tete hukauka haraka, na kukauka huko ndiko kuzuri: mstari unaanza mweusi na kuishia kijivu, kama nyasi.

Van Gogh ana somo jingine. Akiwa Saint-Rémy, 1889 na 1890, alinakili picha takriban 20 za Millet, na aliyokuwa nayo mkononi ni machapisho ya nyeusi na nyeupe. Mtu mzima, fundi kamili, akanakili. Basi nawe usione haya. Makumbusho ya Metropolitan ya New York tangu 2017 inaruhusu mtu yeyote kupakua bure picha za maelfu ya kazi zake ambazo haki zake zimekwisha. Ukipata bando, pakua michoro mitatu ya Millet, nakili mmoja kwa wiki. Ila nakili mkono wake, usinakili ng'ombe wake.

Namaanisha hivyo kabisa. Rosa Bonheur, aliyechora maksai kwa ustadi mkubwa, alisoma miili ya wanyama machinjioni na sokoni, na kwa kuwa mavazi ya kike yalimzuia kazi hiyo alipata kibali cha polisi cha kuvaa suruali. Picha yake ya kulima ya 1849 imewapa maksai nafasi ya mashujaa, na watu ni wadogo. Lakini sehemu nyingi za Ufaransa nira ilifungwa kwenye pembe, kwa hiyo shingo za maksai wale zimeinama na nguvu imo kichwani. Ng'ombe wetu wana nundu. Nira imekaa shingoni mbele ya nundu, na mnyama husukuma kwa bega. Kijana anayenakili ng'ombe wa Kifaransa na kumpeleka Kuria atachora mnyama ambaye hawezi kulima. Kaa nyuma ya plau, tazama mnyororo ulivyokazika, tazama yupi kati ya maksai wawili amechoka. Anza na mstari wa nira, halafu mabega mawili, halafu mnyororo hadi kwenye plau. Miguu iache ipotee kwenye vumbi.

Utalalamika kwamba maksai hawasimami. Hawasimami, kweli, na wala mama yako hasimami. Ndiyo maana Millet alichora sana kwa kumbukumbu, akitembea mashambani na kurudi nyumbani na kile kilichobaki kichwani. Mwalimu wa Lhermitte, Horace Lecoq de Boisbaudran, aliifanya kumbukumbu kuwa somo lenye mazoezi yake. Na hapa Afrika Mashariki njia hiyo ina ukoo wake. Margaret Trowell, aliyeanzisha masomo ya sanaa Makerere miaka ya 1930, aliwahimiza wanafunzi wachore picha wanayoiona kichwani. Kutoka mikononi mwake alitoka Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, aliyechora kwa maisha yake yote kazi za watu wa kwao. Picha yake ya 1956 ya wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko leo New York, katika makumbusho ya sanaa ya kisasa. Pombe ya ndizi. Mambo ya nyumbani tu. Hapa Kenya, Joel Oswaggo, Mluo, amejulikana kwa michoro ya maisha na mila za Waluo, na Gallery Watatu ya Nairobi iliionyesha.

Zoezi lenyewe la kumbukumbu ni rahisi. Tazama lango la boma kwa muda wa kuhesabu hadi 60. Geuka, utembee hadi mahali usipoliona, uchore. Rudi usahihishe kwa chaki tu. Fanya hivi kila siku kwa mwezi mmoja na jicho lako litaanza kushika vitu ambavyo zamani liliviona na kuviacha.

Mahali ninapowapeleka wanafunzi kufanya mazoezi ni Thimlich Ohinga, yapata kilomita 46 kutoka Migori mjini. Kuta zile za mawe, zinazodhaniwa kuwa zilijengwa katika karne ya 16, zimepangwa bila udongo wala saruji, na sehemu nyingine zinapita kimo cha mita nne. UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia 2018. Kila mwanafunzi hukaa chini na kuanza kuchora jiwe, jiwe, jiwe. Baada ya nusu saa huwa na ukuta wa matofali. Ninachowaambia ni hiki: lilaze kaa lako ubavu, upake ukuta wote kwa giza jepesi mara moja. Kisha tafuta nyufa, siyo mawe. Nyufa chache nyeusi, zisizolingana, nyingi pale jua linapochoma kwa mshazari na karibu hakuna penye kivuli. Mawe yatajitokeza yenyewe. Fika asubuhi mapema, lipa kiingilio, usikae juu ya ukuta wala kusogeza jiwe hata moja. Na hapo na katika maboma mengi, jihadhari na minyaa na jamii zake. Utomvu wake mweupe ukiingia machoni unaunguza vibaya, na mchoraji ana mazoea ya kujifuta uso kwa mkono ule ule ulioshika tawi.

Liko jambo moja la adabu, na nalipa uzito sawa na makaa yenyewe. Mtu mwenye karatasi kandokando ya shamba hutia wasiwasi. Siku moja upande wa Suna nilikaa chini ya mkuyu nikichora mteremko, mzee akaja polepole na fimbo yake.

"Oyaore, baba," nikamsalimu nikisimama.

"Oyaore. Unapima shamba langu?"

Nikamgeuzia karatasi. Aliitazama kwa muda, akaniambia mti wa kushoto nimeuweka mbali mno, na kwamba pale kwenye bonde kulikuwa na nyumba ya baba yake. Alikuwa na haki ya kuuliza. Ardhi ndiyo kesi ya kila siku kwetu, na mimi ndiye niliyepaswa kupita nyumbani kwake kwanza. Tangu siku hiyo natangulia kubisha hodi. Ufuoni waone viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo, nyumbani mwone mwenye boma, na kwa wachimba dhahabu wa Macalder usitoe karatasi kabisa kabla ya kukubaliwa. Wanawake wanaoponda mawe pale wanastahili kuchorwa kwa heshima ile ile ambayo Gustave Courbet aliwapa wavunja mawe wake wa 1849, na heshima huanza kwa kuuliza. Asiyetaka, usimchore. Anayetaka, mwonyeshe mchoro ukimaliza, na ukiweza mwachie.

Mchoro wa makaa haujakamilika hadi ulindwe. Wa kwanza niliouthamini niliukunja bomba, nikapanda nao matatu hadi Kisumu, na nilipoufungua palibaki ukungu wa kijivu. Wafaransa walinyunyiza shelaki iliyoyeyushwa kwa spiriti. Dawa ya kupuliza ya nywele hushika pia, japo inaweza kuufanya mchoro uwe wa manjano miaka ikipita. Puliza kutoka umbali wa mkono mmoja, mara mbili nyepesi, usilowanishe. Ulaze bapa kati ya mabamba mawili ya katoni, karatasi safi juu yake, mbali na jua. Nyuma andika kwa penseli tarehe, mahali, na kazi iliyokuwa ikifanyika.

Usianze na mlima. Usianze na ziwa. Mwambie mama yako leo jioni kwamba kesho utamfuata shambani, na kwamba asisimame wala kujipanga kwa ajili yako. Beba karatasi mbili za kaki, vijiti vitatu vya makaa, kipande cha chaki na kiini cha mkate, na ufike kabla jua halijapita miwa. Ukimaliza, beba jembe la pili umsaidie kumaliza mstari.